Pakiteng Walikuwa Wawili

Filamu ile niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa nyumbani kwangu Kitengela, ghorofa ya juu kabisa ya jengo nililolijenga mwenyewe, lile la vigae vya kahawia ambako mwendesha boda boda yeyote atakufikisha bila kukuuliza mara mbili. Ilitumwa kwenye simu na Nyaboke, mama wa Kisii aliyekuwa mpishi wa kantini yetu enzi zile, naye alikuwa ameiandikia maneno mawili tu: "Keti kwanza." Nikaketi. Shirika la ndege la Kimarekani nililolifanyia kazi ujana wangu lilikuwa limetengeneza historia ya kituo chake kikuu cha ng'ambo, kituo kilichokuwa katika mji mmoja wa Ulaya na ambacho leo ni maegesho ya magari ya kukodi. Sitataja jina la shirika wala la mji. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo hawatapungukiwa na kitu. Walionyesha ndege za zamani zilizokuwa na madirisha ya mviringo, wakaonyesha rubani mzee akilia, wakaonyesha hata paka aliyekuwa akiishi karakana. Kisha sauti ya mwanamke ikasema kwamba moyo wa kituo kile ulikuwa ukumbi wa mizigo, na kwamba mfanyakazi mmoja wa Kimaasai aitwaye Pakiteng ndiye aliyebuni njia ya kupanga masanduku iliyookoa kituo, hadi wafanyakazi wote wakawa wanapaza sauti kuita "pakiteng!" kila sanduku lilipotakiwa kukimbizwa, neno ambalo kwa Kimaasai, alisema, lina maana ya "haraka". Hakuna Mmaasai kutoka Namanga hadi Kimuka ambaye angelisikia hilo asicheke. Mimi sikucheka. Aliyeonekana kwenye kioo, mvi kichwani, tabasamu pana, beji ya shirika kifuani imeandikwa PAKITENG, alikuwa rafiki yangu Lemayian. Na njia ile ya kupanga masanduku ilikuwa yangu.

Siku chache baadaye Lemayian mwenyewe alinipigia simu. Alikuwa amestaafu, amerudi, anafanya karamu kwao Isinya. "Pakiteng," alisema kwa sauti ile ile ya kuvuta maneno, "ukikosa, hiyo karamu si karamu. Utakaa mbele kabisa na mimi." Nilimwambia nitakuja. Sikumwambia nilichokuwa nikienda kutafuta, lakini nilikijua vizuri, nilikuwa nimekaa nacho kifuani tangu ujana: nilitaka asimame mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake kwamba mtu aliyekuwa akitafutwa siku ile ni mimi. Nyumba ninayo. Malori yangu ya baridi yanabeba maua kutoka mashamba ya Isinya hadi uwanja wa ndege, na hakuna boksi lililowahi kunyauka mikononi mwangu. Nilirudi nchi hii na sanduku moja na diploma yangu ya usimamizi wa mizigo ya ndege, na kila kitu ninachokimiliki nimekitoa ndani ya kichwa hiki. Kwa hiyo asinidhanie mtu kwamba nilikwenda kuomba.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwaka wa mwisho wa kituo kile, ingawa tulipouanza hakuna aliyejua kwamba ni wa mwisho. Mimi nilikuwa mtu wa zamu ya asubuhi. Tuliishi vyumba vya kampuni ya kuhudumia ndege, jengo refu la matofali mekundu lililotazama barabara ya lami na shamba la viazi, watu wawili chumba kimoja, jiko moja kwa kila sakafu. Jiko letu lilikuwa na meza ya plastiki, dirisha lisilofungika vizuri, na majiko mawili ya umeme ambayo moja lilikuwa zuri na lingine la kupashia kiporo tu. Hapo ndipo Lemayian alipoingia siku yake ya kwanza, mrefu, masikio yametobolewa, amevaa shati la mikono mifupi katikati ya baridi ya kuuma meno. Alisimama akanitazama nikikoroga ugali wa unga wa mahindi tuliokuwa tukiununua kwa Waturuki. "Ero," alisema, kama vijana wa kwao wanavyoitana, "wewe ni Mluhya. Hiyo mkono inakoroga kama iko na deni na sufuria." Nikamwambia, "Na wewe ni Mmaasai. Nani mwingine angekuja Ulaya bila koti?" Tukacheka hadi jirani akagonga ukuta. Nilikuwa na makoti mawili. Nilimpa moja, lile zito la rangi ya samawati lenye kofia, bila kufikiria. Ilikuwa baridi, naye hakuwa na koti, basi.

Kwangu mambo yaliishia hapo. Kwake ndipo yalipoanzia. Jioni iliyofuata aliniketisha kwenye ile meza ya plastiki kama mtu anayetoa posa. Alikuwa amenunua maziwa, akayamimina vikombe viwili, akaonja yake, akakunja uso. "Hii si maziwa. Hii ni maji imepakwa rangi." Kisha akasema, "Sikiza. Kwetu Isinya iko mtamba moja, nyeusi, iko na doa nyeupe hapa kwa paji. Nimeongea na ndugu yangu. Kutoka leo hiyo ni yako." Nikamuuliza ng'ombe wa Isinya nitamfanyia nini nikiwa Ulaya. Akasema atachungwa pamoja na zao, akizaa atakuwa anazalia mimi. "Lakini kutoka leo usiniite Lemayian. Na mimi siwezi kukuita Wanyonyi. Mtu ukimpa ng'ombe, jina inakwisha kati yenu. Wewe unaniita Pakiteng, mimi nakuita Pakiteng. Ni kama kusema, wewe ni mtu wa ng'ombe yangu, mimi ni mtu wa ng'ombe yako." Nikauliza itakuwaje ikiwa mmoja atamwita mwenzake kwa jina. Alinitazama kana kwamba nimeuliza ikiwa mtu anaweza kutapika mezani. "Hiyo ni kurudisha ng'ombe," alisema. Nikakubali. Nilikuwa kijana, mbali na kwetu, na hapo sikuwa na mtu mwingine wa kunipa chochote, sembuse mtamba. Nasema kweli, ni zawadi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kupewa, na ndiyo maana bado inaniuma.

Sasa nieleze kazi, kwa sababu filamu yao iliieleza kama wimbo wa shule ya chekechea. Ndege za kutoka Marekani zilikuwa zikitua kwetu asubuhi, zote karibu wakati mmoja, kundi zima. Abiria hawakuwa wanakuja mjini kwetu. Walikuwa wanashuka, wananawa uso, wanapanda ndege nyingine za shirika lile lile zinazokwenda Uhindi, Misri, Uturuki, huku kwetu Afrika. Kisha ndege hizo nazo zinaondoka kundi zima, na uwanja unabaki mtupu kama soko jioni. Kati ya kundi la kutua na kundi la kuruka, masanduku yote yalipita katika ukumbi wetu. Utaratibu tulioukuta pale ulikuwa wa kizembe: ndege iliyotua kwanza, masanduku yake yanashughulikiwa kwanza. Kila siku masanduku yalibaki nyuma, na kila siku msimamizi wetu, Bwana Anton, alikuwa akipigiwa kelele na makao makuu hadi shingo yake inakuwa rangi ya nyama mbichi. Mimi nikamwambia kwamba tunatazama mlango usiofaa. Hatupaswi kujali nani ametua kwanza. Tujali nani anaondoka kwanza. Sanduku la Mumbai lililoingia mwisho litoke mbele ya sanduku la Istanbul lililoingia mwanzo, kama Mumbai inaruka mapema. Leo mtu atasema hilo ni jambo dogo. Niliwachorea kwa chaki sakafuni, nikagawa ukumbi kwa saa za kuondoka na si za kutua, nikapanga watu. Hiyo ndiyo faida ya kusoma. Katika wiki chache masanduku ya kubaki nyuma yalipungua hadi Bwana Anton akaanza kupiga mbinja.

Na kwa kuwa ukumbi ule ulikuwa na kelele za mikanda na injini, huwezi kumweleza mtu aliye upande wa pili kwamba sanduku fulani halina muda. Mimi nilisimama kwenye mkanda, Lemayian akawa kwenye matoroli. Nikiliona sanduku la haraka nilipaza sauti, "Pakiteng!" naye alijua, akalidaka, akakimbia. Akiliona yeye, aliniita mimi vivyo hivyo. Baada ya mwezi mmoja ukumbi wote ulikuwa ukiita hivyo, Waturuki, Wareno, Waghana, hata Anton mwenyewe. Anton alikuwa ameshindwa kabisa na jina langu. Ulimi wake ulikuwa unateleza kwenye Wanyonyi kama gari kwenye barafu. Pakiteng aliliweza. Akawa ananiita hivyo. Akawa anamwita Lemayian hivyo pia. Siku moja nikiwa nakunywa supu ya njegere kantini nilimsikia akimwambia mwenzake meza ya nyuma, "Yule Pakiteng ana akili. Mwanafunzi wa chuo. Nimewaandikia makao makuu habari zake." Nyaboke, aliyekuwa akigawa supu, alinikonyeza na kuniongezea mkate. "Wewe kijana utaniacha hapa na hizi sufuria," alisema. Mkate ule niliula taratibu kama mtu anayekula keki ya harusi yake.

Habari za kufunga zililetwa kantini. Mkubwa mmoja kutoka makao makuu, amevaa tai yenye vindege vidogo, alisimama karibu na mashine ya kahawa akasema kwamba shirika limenunua ndege mpya. Ndege hizo zilikuwa na uwezo wa kutoka Marekani hadi Uhindi bila kutua. Alisema kwa furaha, kama mtu anayetangaza mtoto kazaliwa, na kwa sekunde kadhaa wengine walipiga makofi kabla hawajaelewa kwamba kisichohitajika tena ni sisi. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyeiba, hakuna hata aliyechelewa. Tulikuwa tumeufanya mji ule uwe mahali bora pa kusimama, halafu dunia ikaacha kusimama. Jikoni kwetu jioni ile watu walikuwa wakiongea kwa sauti za chini. Mghana mmoja alisema, "Wao wanaita hiyo maendeleo." Lemayian alikuwa amekunja miguu juu ya kiti, amevaa koti la samawati hata ndani ya nyumba. "Pakiteng," akaniambia, "kisima ikikauka, hata ile ng'ombe ilikuwa inakunywa vizuri inahama." Nikamwambia mimi sihami kurudi nyuma; Anton ameniandikia. Ilisemekana shirika litachukua watu wachache, wale bora, liwapeleke kwenye kituo chake kikuu Marekani, na vibali na familia zao. Lemayian alijua. Nilimwambia mwenyewe, mezani pale, kwa mdomo huu.

Siku yule mwenye tai aliporudi kuwachukua hao wachache, kulikuwa na ukungu. Ndege zilichelewa, zikatua zimerundikana, na masanduku yakaingia kwa fujo. Watu wengi wa zamu waliweka chini glavu zao. Kazi inakufa, ya nini? Mimi sikuweka. Kulikuwa na watu ndani ya ndege zile waliokuwa wakienda kwao kuzika, kuoa, kujifungua, na masanduku yao yalikuwa mikononi mwangu, na sikuwa nimesomea diploma ili niache mkanda ukizunguka bure. Lemayian alisema anakwenda kunywa chai, atarudi sasa hivi. Niliita "Pakiteng!" mara nyingi asubuhi ile na hakuna aliyedaka; nililikimbiza kila sanduku mwenyewe. Nilipomaliza nilipanda ngazi hadi kantini nimelowa jasho. Nyaboke alikuwa ameegemea kaunta, kitambaa mkononi.

"Ulikuwa wapi wewe?" aliniuliza.

"Kazini."

"Wamekuja. Wameita majina. Yule wa tai amesema, Pakiteng ni nani? Pakiteng mwenzako akasimama."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu, mwanangu. Amesimama tu. Wakampigia makofi."

Nilikwenda kwa Anton. Alikuwa akifungasha picha za watoto wake kwenye boksi. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyepotea. Alisema alidhani Pakiteng ni jina la ukoo wetu, kwamba sisi ni ndugu. Alikuwa ameandika "Pakiteng" kwa sababu ndilo jina alilolijua, na kila mtu kantini alikubali kwamba yule ni Pakiteng, kwa kuwa ni kweli, alikuwa Pakiteng. Yule wa tai alikuwa tayari ameondoka kwenda uwanjani. Jioni nilimkuta Lemayian jikoni akipika. Alikuwa akikoroga ugali, yeye ambaye hakuwahi kukoroga, na ulikuwa umejaa madonge. Nilimuuliza kwa nini. Akasema bila kugeuka, "Waliita, nikaitika. Pakiteng ikiitwa, naitika. Hata wewe ungeitika." Nikasema, "Ulijua wanamtafuta nani." Akakoroga. Kisha akasema, "Kula, Pakiteng, itapoa." Kama angekuwa ameniibia kwa jina lake mwenyewe ningempiga. Lakini aliniibia kwa jina letu, na kulishtaki jina lile ilikuwa ni kujishtaki. Wiki ile ile yeye aliruka kwenda magharibi. Mimi nilifanya kazi hadi siku ya mwisho, hadi mkanda ulipozimwa, na nilirudi Kenya kupanga chumba kimoja Kitengela, nyuma ya duka la kuuza mawe ya ujenzi, ambako vumbi la mawe liliingia hadi ndani ya chumvi. Yaliyofuata nimeyaandika kwingine katika kitabu hiki. Nilipanda. Sikubebwa na mtu.

Karamu ya Isinya ilikuwa na hema jeupe, viti vimefungwa utepe, na mbuzi wengi wamekwisha kugeuzwa motoni. Nilivaa suti yangu ya kijivu. Lemayian alinikumbatia mbele ya wote, akatangaza, "Huyu ndiye Pakiteng wangu, mtu wa koti!" na wazee wakanishika mkono mmoja mmoja. Watoto wake walikuwepo, binti daktari na kijana mhandisi, Kiswahili chao kimepinda kwa Kiingereza cha Marekani, wananiita "uncle". Kisha wakateremsha pazia, wakawasha filamu. Nilikaa mstari wa mbele, nikaiona yote tena, rubani, paka, beji. Lilipofika lile la "haraka", wazee walicheka hadi fimbo zikaanguka. "Haraka! Wazungu wamekula ng'ombe wakaiita haraka!" Lemayian naye alicheka. Kisha watu wakapiga makofi kwa ajili yake, mtu wao aliyeokoa kituo cha ndege cha Ulaya. Binti yake alikuwa akifuta machozi.

Alinichukua pembeni kabla sijamchukua mimi. Tulitembea hadi boma la ng'ombe, nyuma ya nyumba mpya. Kulikuwa na kundi limesimama kwenye upepo, weusi wengi, wengine na madoa meupe usoni. "Hizi zote ni zako," alisema. "Zimetoka kwa ile moja. Ndugu yangu amechunga, ukame imekuja ikaenda, zako hazijaguswa. Hata tulipouza zetu, zako hatukuuza. Leta lori yako kesho." Hakuwa akiongopa. Mtu yule alikuwa amenitunzia ng'ombe maisha mazima bila mimi kuuliza hata mara moja, na maisha hayo mazima alikuwa akitembea na kilicho changu kifuani.

"Sitaki ng'ombe," nilimwambia. "Rudi kwenye hema. Chukua kipaza sauti. Sema waliyekuwa wakimtafuta ni mimi. Neno hilo moja."

Alivunja kijiti, akachokonoa nacho ukucha. "Unajua nilijua," alisema mwishowe. "Nilijua, Pakiteng. Niliangalia mlango nikasema, akiingia sasa, nakaa chini. Hukuingia." Kisha akatazama upande wa hema, ambako binti yake alikuwa akigawa soda kwa wazee. "Hao watoto wamekua na hiyo hadithi. Wanaitwa hiyo jina huko shuleni, huko kazini, iko kwa vyeti zao. Nitawaambia nini, leo, mbele ya watu? Wewe uko na ghorofa, uko na malori. Chukua ng'ombe. Jina wachia watoto."

"Huwezi kusema?"

"Nimekuambia wewe. Haitoshi?"

Niliwatazama ng'ombe wale kwa muda. Mmoja alikuja hadi kwenye ua, akaninusa mkono wa suti. Nilijua ninachokwenda kusema na nilijua kinavyoitwa, kwa kuwa alinifundisha yeye mwenyewe jikoni. Nilisema kwa sauti ya kawaida, wala sikupaza.

"Lemayian."

Ndugu yake aliyekuwa akifunga mlango wa boma aliacha mkono hewani. Lemayian alinitazama kama mtu anayesubiri nicheke. Sikucheka. Aliinamisha kichwa, akajipangusa vumbi la ng'ombe kwenye suruali, na alipoinua uso ulikuwa uso wa mwenye nyumba anayepokea wageni wengi. Akanipa mkono, mkono mmoja tu.

"Bwana Wanyonyi," alisema, akilitamka vizuri kabisa, kila silabi, "asante kwa kufika. Nyama iko tayari. Karibu ule kabla hujaenda."

Nilikuwa nimelisubiri jina langu litoke katika kinywa kile tangu ujana wangu. Nilishukuru kwa adabu, nikapita kando ya hema, nikaingia kwenye gari langu, nikarudi Kitengela bila kula.